Paa la bati na joto linaloshuka

Kila mwaka, kaskazi inapoanza kuvuma na jua la Desemba kukolea, mazungumzo ya joto hurudi katika mitaa ya Dar es Salaam, na ushauri unaotolewa huwa ni uleule: ongeza madirisha, inua kozi mbili tatu za tofali kabla ya kupaua, nunua feni kubwa zaidi, kwa kuwa hewa ya moto imejaa ndani na inahitaji kutoka. Ushauri huo si wa uongo, ila unapigana na adui wa pili kwa ukubwa. Mimi ni mwalimu wa fizikia ninayeishi chini ya bati kama walivyo wengi, na ninachotaka kukieleza hapa ni kwamba sehemu kubwa ya adha tunayoipata mchana haibebwi na hewa. Inashuka moja kwa moja kutoka kwenye bati au dari, kwa njia ambayo dirisha haliwezi kuizuia wala feni kuipeperusha.

Shuleni tunafundishwa kwamba joto husafiri kwa njia tatu. Katika mpitisho, chembe za kitu zinazotetemeka kwa nguvu huzigonga jirani zake na kuzigawia nishati, nazo huzigawia zinazofuata, bila chembe yenyewe kuhama mahali pake. Katika msafara, kimiminika au gesi ndiyo inayohama pamoja na joto lake, kwa sababu ikipata moto hutanuka, huwa nyepesi na kupanda, na ile ya baridi hushuka kushika nafasi iliyoachwa. Katika mnunurisho hakuna kinachogusana wala kinachohama: kila kitu chenye joto hutoa mawimbi ya sumakuumeme, na mawimbi hayo yakifika kwenye kitu kingine na kumezwa, hugeuka kuwa joto tena. Mafunzo hayo ni sahihi. Lawama yangu ni kwa mitihani, ambayo huziuliza njia hizo moja moja kana kwamba kila kifaa kina njia yake, wakati paa moja la kawaida huzitumia zote tatu kwa dakika hiyohiyo, na kazi yenyewe ni kujua ipi inabeba kiasi gani.

Tuanzie juu. Kati ya jua na bati kuna kilomita milioni 150 hivi, karibu zote zikiwa ni utupu, kwa hiyo mpitisho na msafara havina nafasi huko. Joto la jua hutufikia kwa mnunurisho peke yake, baada ya safari ya dakika nane na ushei. Adhuhuri, anga likiwa safi, kila mita ya mraba inayolitazama jua hupokea karibu wati 1,000. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo za Machi na tena karibu na Oktoba 10, na katika miezi iliyo kati ya Oktoba na Machi haliendi mbali na utosi wakati wa mchana. Maana yake kwa mjenzi ni kwamba saa sita mchana kuta zetu hupigwa na jua kidogo sana, na paa ndilo linalobeba karibu mzigo wote. Nyumba yenye paa la mita 10 kwa mita 10 hupokea juu yake wati 100,000 hivi, sawa na kuwasha pasi 100 za umeme za wati 1,000 na kuziacha zikiwaka hadi alasiri.

Sehemu ya nishati hiyo hurudishwa angani na iliyobaki humezwa na bati. Hapo ndipo mpitisho unapoanza kazi, na kwa kweli huimaliza papo hapo. Bati la geji 28 lina unene wa karibu milimita 0.4, na chuma ni kipitishi kizuri cha joto. Hata wati 500 zikipenya katika kila mita ya mraba, uso wa juu na uso wa chini hutofautiana kwa sehemu nne za elfu moja za nyuzi. Kwa hiyo uso wa chini, ule unaotutazama sisi, una joto lilelile la uso unaolitazama jua. Nimewasikia watu wakishauriwa kununua bati nene zaidi ili nyumba ipoe. Bati nene lina faida zake, kwa kuwa halibonyei fundi anapolikanyaga na hudumu miaka mingi zaidi, lakini ukilinunua kwa ajili ya joto umetupa fedha. Mafundi wa kupaua wanalijua jambo hili kwa ngozi zao: huanza kazi alfajiri, na jua likishapanda utawaona wametandika viroba vilivyoloweshwa maji ili wapate pa kukalia. Bati lenye rangi iliyoiva, au lililokwisha kushika kutu, hufika nyuzi joto 60 na kuzidi katika mchana wa jua kali.

Hali ni tofauti kabisa katika nyumba za kale za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, ambako ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa huwa na unene wa nusu mita hivi. Wimbi la joto la mchana hulazimika kupenya polepole, na kabla halijafika upande wa ndani, jua limeshazama na uso wa nje umeanza kupoa, kwa hiyo kinachofika chumbani ni sehemu ndogo mno ya mabadiliko yaliyotokea nje. Ukuta wa tofali za saruji wa inchi 6, ambao ndio wa wengi wetu, uko katikati: wimbi hulivuka tofali kwa muda wa saa nne au tano. Ndiyo sababu ukuta wa magharibi uliopigwa na jua la saa kumi jioni huanza kutoa joto lake ndani saa mbili au saa tatu usiku, wakati ambapo mtu ameegemeza kitanda hapo na anashangaa kwa nini chumba kina moto ilhali nje kumeshapoa. Bati halina ucheleweshaji huo hata kidogo. Wingu likipita mbele ya jua, aliye chini ya bati tupu hulitambua bila kutazama nje.

Sasa tuko chini ya bati lenye nyuzi 60, na hapa ndipo fundi mmoja aliyekuwa akinifungia kenchi aliponiuliza: “Mwalimu, si mnasema wenyewe joto hupanda juu? Sasa hilo la kwenye bati litashukaje?” Ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani. Kinachopanda ni hewa yenye moto, si joto lenyewe. Hewa inayogusa bati hupata moto, lakini kwa kuwa tayari iko juu haina pa kwenda. Hubaki palepale kama tabaka la moto lililotulia chini ya paa, na hewa yenyewe ni kipitishi hafifu mno, chenye uwezo mdogo kuliko chuma kwa takribani mara 2,000. Endapo njia za kushuka zingekuwa ni mpitisho na msafara tu, mtu aliyeketi mita tatu chini ya bati asingeteseka sana. Kinachomfikia ni mnunurisho, ambao haujali juu wala chini, hauhitaji hewa, na husafiri kwa kasi ya mwanga kuelekea pande zote.

Mawimbi hayo hatuyaoni. Mwanaastronomia William Herschel aliyagundua mwaka 1800 huko Uingereza, alipoutawanya mwanga wa jua kwa prizimu na kuweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali ambapo macho hayaoni kitu, akakuta kinapanda zaidi kuliko ndani ya rangi zenyewe. Kiasi kinachotolewa na kitu kilitafutiwa kanuni mwaka 1879 na Josef Stefan kwa kuchunguza vipimo, na mwanafunzi wake wa zamani Ludwig Boltzmann akaithibitisha kwa nadharia mwaka 1884: nishati inayotoka huongezeka kwa kipeo cha nne cha halijoto ikipimwa kwa kelvini, yaani nyuzi za kawaida ukiziongezea 273. Kipeo hicho cha nne ndicho kiini cha shida yetu, na pia ndicho kiini cha tiba. Uso unaonunurisha vizuri wenye nyuzi 60 hutoa karibu wati 700 kwa kila mita ya mraba. Ngozi ya binadamu, yenye nyuzi 34 hivi, hutoa karibu 500. Kwa hiyo ngozi inayolitazama bati hilo kikamilifu hupokea wati 190 zaidi ya inazotoa kwa kila mita ya mraba, wakati mwili mzima wa mtu mzima aliyetulia huzalisha wati 100 hivi ambazo unatafuta mahali pa kuzipeleka. Ni kweli kwamba mwili haulitazami paa peke yake, unazitazama na kuta na sakafu, hivyo mzigo halisi ni mdogo kuliko huo. Lakini mwelekeo wa joto umeshageuka, na badala ya mwili kupoa kuelekea paa, paa linaupasha mwili.

Anayetilia shaka anaweza kujaribu mwenyewe mchana wa leo bila kifaa chochote cha maabara. Simama chini ya bati au dari yenye moto, nyosha kiganja kukielekea, kisha pitisha kati yake na kiganja kipande cha katoni. Utasikia nafuu mara moja, kabla hewa haijapata muda wa kubadilika kwa namna yoyote, na ukiondoa katoni moto unarudi mara moja. Hewa iliyo kuzunguka mkono ni ileile wakati wote. Kilichokatwa ni miale. Ukiifunika katoni hiyo kwa karatasi ya alumini ya jikoni na kuielekeza ile inayong'aa juu, unaweza kuishikilia kwa muda mrefu bila upande wa chini kupata moto, tofauti na katoni tupu ambayo baada ya kitambo huanza kununurisha yenyewe.

Tukishaliona hilo, rangi ya paa inaacha kuwa suala la urembo. Rangi nyeupe ikiwa mpya hurudisha takribani robo tatu ya nishati ya jua, na wakati huohuo ni nunurishi nzuri sana katika mawimbi ya infraredi, yaani yale yasiyoonekana aliyoyagundua Herschel, kwa hiyo kidogo inachokimeza hukitoa kwa urahisi kuelekea angani. Bati jipya la zinki lisilopakwa rangi, ambalo wengi hudhani kwamba kwa kung'aa kwake lazima liwe na nafuu, hurudisha mwanga mwingi lakini ni dhaifu katika kutoa joto lake kwa mnunurisho, na ndiyo maana huwa na moto kuliko lililopakwa rangi nyeupe. Yale ya rangi ya maruni, kahawia na bluu iliyoiva, ambayo yametapakaa katika mitaa mipya, humeza sehemu kubwa ya jua, na rangi iliyopakwa upande wa chini kuzuia kutu nayo ni nunurishi nzuri kuelekea ndani. Sina ugomvi na anayependa maruni, ila nadhani angestahili kuambiwa dukani analipia nini. Paa likishushwa kutoka nyuzi 60 hadi 45, zile wati 190 za ziada hubaki 76 tu, yaani chini ya nusu, kwa tofauti ya nyuzi 15. Chokaa tupu inafanya kazi hiyohiyo, lakini masika ya kwanza huiosha yote; rangi ya mapaa hudumu, ingawa vumbi huifubaza na inafaa kuoshwa. Wanaovuna maji ya mvua wahakikishe rangi wanayoinunua haina risasi.

Njia ya pili ni kuuvunja mnunurisho njiani, na kanuni yake ni nyepesi. Ukiweka pazia moja la kawaida kati ya nyuso mbili zinazonunurishiana vizuri, kiasi kinachopita hupungua hadi nusu. Pazia hilo likiwa na uso wa alumini inayong'aa upande mmoja, kinachopita kwa mnunurisho huwa chini ya sehemu moja ya ishirini. Alumini hiyo haihitaji kuwa nene. Kazi yake inafanywa na uso, si na unene, kwa kuwa uso unaong'aa hukataa kumeza miale na pia hukataa kuitoa. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Foili inayobanwa kati ya bati na mbao bila nafasi ya hewa haina faida yoyote, kwa sababu vitu vikigusana joto hupita kwa mpitisho, na alumini ni kipitishi bora kuliko hata chuma cha bati. Ni lazima uso unaong'aa utazame uwazi, sentimita mbili na nusu au zaidi. Na ni afadhali utazame chini kuliko juu, jambo ambalo mafundi wengi hulibishia kwa kuwa wanaona kioo lazima kilitazame jua; ukitazama juu, vumbi huuparamia ndani ya miaka michache na kuufanya uwe kama uso mwingine wowote, wakati ukitazama chini hubaki safi.

Dari ya jipsamu au mbao nayo ni pazia, na mwenye dari ameshapata nusu ya nafuu. Lakini dari yenyewe hupata moto kutoka juu, na baada ya saa kadhaa huanza kununurisha kuelekea kitandani, kwa hiyo hewa iliyo kati ya dari na bati inahitaji kutoka. Huo ndio uwanja halali wa msafara. Kukiwa na matundu chini ya upenu na mengine karibu na kileleni, hewa ya moto hutoka yenyewe kwa juu na kuvuta ya nje kwa chini, bila umeme na bila mtu kuisukuma. Kwa mtazamo huu, mtindo wa paa la kuficha, lile linalozungukwa na ukuta mfupi kwa juu hata bati lisionekane kutoka barabarani, ni mzigo ambao mwenye nyumba hujitwisha: mwinuko wa bati ni mdogo, nafasi ya juu ya dari ni finyu, upenu haupo kabisa na mara nyingi hakuna tundu hata moja. Upenu mpana wa nyumba za zamani ulikuwa ukikinga ukuta wa magharibi pia.

Kuhusu pangaboi, lieleweke kwa kazi yake. Feni haipozi hewa. Huipitisha kwenye ngozi ili ichukue joto na kukausha jasho, na hilo ni jambo kubwa katika mji wenye unyevu kama huu. Lakini pangaboi likifungwa chini kidogo ya bati tupu, hulichota lile tabaka la moto lililokuwa limetulia juu na kulishusha kwa waliokaa. Mchana, feni ya kusimama iliyowekwa karibu na dirisha la upande wenye kivuli huwa na maana zaidi, na pangaboi liachiwe usiku.

Usiku bati hugeuka. Kwa kuwa ni jembamba na halihifadhi joto, na kwa kuwa bado linatazama anga, hununurisha joto lake juu na kupoa haraka, hata kuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Njombe, katika mwinuko wa karibu mita 2,000, asubuhi za Juni na Julai wenye nyumba zisizo na dari hurushiwa matone kutoka kwenye bati, kwa sababu mvuke wa ndani hugeuka kuwa maji kwenye uso ulioshuka chini ya kiwango cha umande, yaani halijoto ambayo mvuke uliomo hewani huanza kugeuka matone. Dar es Salaam nafuu hiyo ni ndogo, kwa kuwa mvuke mwingi ulio angani humeza miale ya infraredi na kurudisha sehemu yake chini, jambo ambalo John Tyndall alianza kulipima mwaka 1859. Hata hivyo, baada ya saa nne usiku chanzo cha joto chumbani huwa ni ukuta na dari, wala si bati tena, na hapo ndipo madirisha yaliyo wazi yanapolipa kila senti.

Haya yote ni ya mwenye nyumba, na wengi wetu ni wapangaji tusioruhusiwa kugusa paa. Kwa chumba kisicho na dari, kitambaa kizito kilichotandwa toka ukuta hadi ukuta ni pazia halali la mnunurisho, na wazee waliokuwa wakining'iniza shuka juu ya kitanda walikuwa wakifanya jambo lenye msingi wa kisayansi hata kama walitaja vumbi na mijusi. Kiwe cha rangi nyeupe, kizito kiasi cha kutopitisha mwanga, kikae mbali na bati kwa kadiri chumba kinavyoruhusu, pembeni kiachiwe upenyo ili hewa ya juu itokee kwenye uwazi wa upenu, na kisipite karibu na nyaya au taa wala juu ya mahali panapowekwa jiko.